eNaira: pochi milioni 13, na muuzaji anayesubiri simu ilie

Februari 2023, katika miji mingi ya Nigeria, noti ziligeuka bidhaa. Ukitaka naira 10,000 taslimu kwa wakala wa POS, yaani mtu wa mtaani mwenye mashine ya kadi, ulimwachia naira 2,000, siku nyingine 3,000, ndipo akuhesabie. Foleni za ATM zilianza gizani. Noti za zamani zilikuwa zinafutwa, mpya hazionekani. Wakati huohuo Benki Kuu ya Nigeria ilikuwa na sarafu ya kidijitali, eNaira, iliyokwisha kutimiza mwaka mmoja na zaidi. Haikuhitaji karatasi, kutumiana kutoka pochi hadi pochi (akaunti ya eNaira kwenye simu) hakukuwa na makato, na nyuma yake ilisimama serikali yenyewe. Kama eNaira iliumbwa kwa siku moja, siku hiyo ilikuwa imefika.

Watu wakakimbilia OPay, PalmPay na Moniepoint, kampuni binafsi za malipo kwa simu.

Maelezo yanayotolewa sana kuhusu kisa hiki ni kwamba wananchi hawakuelimishwa vya kutosha. Siyakubali. Wanaijeria ni miongoni mwa watu wanaotumiana pesa kwa simu kwa wingi duniani, na wale walioambiwa kwamba benki zao haziruhusiwi kugusa sarafu za mtandaoni walijifunza kununua USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, wao kwa wao bila semina yoyote. Mtu anayeweza hilo hashindwi kufungua pochi. Tatizo la eNaira lilikuwa kwamba katika mnyororo mzima wa malipo ya kila siku, kuanzia muuza nyanya, wakala, benki hadi dereva wa keke (bajaji), hakuna hata mmoja aliyepata kitu kwa kuipokea.

Ilivyoingia mjini

Rais Muhammadu Buhari aliizindua Ikulu, Abuja, tarehe 25 Oktoba 2021. Awali ilipangwa itoke tarehe 1 Oktoba, siku ya uhuru, ikasogezwa mbele. Bahamas walikuwa wametangulia mwaka mmoja kabla na Sand Dollar yao, lakini ile ni nchi ya watu wasiofika nusu milioni. Nigeria, yenye zaidi ya milioni 200, ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika. Mitambo ilijengwa na Bitt, kampuni ya Barbados. Siku ya uzinduzi Rais alisema sarafu hiyo na teknolojia yake zingeweza kuongeza pato la taifa kwa dola bilioni 29 ndani ya miaka 10.

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hiki hata unyemi wake haukudumu wiki. Siku chache baada ya uzinduzi programu ya simu ilitoweka kwenye duka la Google kwa marekebisho, baada ya watumiaji kuishushia alama za chini kabisa: usajili unagoma, taarifa hazioani. Sitaki kulipa jambo hilo uzito mkubwa. Programu nyingi huanza kwa kuchechemea.

Sharti la usajili ndilo la kutazama. Mwanzoni ulihitaji BVN, namba ya utambulisho inayotolewa kwa mwenye akaunti ya benki. Ilhali moja ya sababu kuu za kuanzisha eNaira, kwa maneno ya Benki Kuu yenyewe, ilikuwa kuwafikia wasio na benki. Utafiti wa shirika la EFInA wa mwaka 2020 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 36 ya watu wazima nchini humo, kama milioni 38, walikuwa nje kabisa ya huduma za kifedha. Hao ndio waliokuwa wakiitwa mezani, na mlango ukafungwa kwa ufunguo ambao wao hawana. Njia ya simu ya kitochi, yaani kubofya *997#, ilikuja Agosti 2022. Miezi 10 baadaye.

Mwezi huohuo Gavana wa Benki Kuu, Godwin Emefiele, alitaja hesabu: programu imepakuliwa mara 840,000, pochi hai kama 270,000, na miamala 200,000 yenye thamani ya naira bilioni 4 tangu kuanza. Karatasi ya Shirika la Fedha la Kimataifa iliyotoka Mei 2023 ilichimba zaidi. Kufikia mwisho wa Novemba 2022 pochi za watu binafsi zilikuwa 860,000, sawa na asilimia 0.8 ya akaunti hai za benki, na kwa wiki ya kawaida asilimia 98.5 ya pochi hizo hazikuguswa. Miamala ilikuwa wastani wa 14,000 kwa wiki, yenye thamani ya naira milioni 923.

Gawa milioni 923 kwa 14,000. Unapata kama naira 66,000 kwa muamala mmoja, wakati kima cha chini cha mshahara kwa mwezi Nigeria kilikuwa naira 30,000. Kwa hiyo hata wale wachache walioitumia eNaira, kwa wastani walihamisha zaidi ya mishahara miwili ya kima cha chini kwa mpigo mmoja. Haya si malipo ya nyanya wala nauli. Huenda ni watu wa ofisini wakiijaribu, huenda ni wafanyabiashara wakubwa kidogo. Vyovyote iwavyo, malipo ya kila siku hayakuwahi kuhamia huko, na hesabu hii rahisi inaliweka wazi kuliko asilimia zote za pochi zilizolala.

Simu lazima ilie

Sasa simama kwenye meza ya muuza nyanya, tuseme soko la Wuse, Abuja. Mnunuzi amechagua, amepunguziwa bei, amefungiwa mfuko. Hana noti. Anauliza namba ya akaunti, muuzaji anaitaja kwa mdomo au anaonyesha kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. Mnunuzi anabofya, anageuza simu kumwonyesha: imeenda. Muuzaji haitazami ile simu. Mkono wake mmoja uko kwenye mfuko, macho yako kwenye simu yake mwenyewe. Mpaka ilie, mfuko hautoki.

Wanaijeria huita meseji hiyo "alert", na biashara nzima ya mtaani imejengwa juu yake. Sababu inaeleweka. Kuna watu wanaishi kwa meseji bandia, na ukurasa wa "imefanikiwa" kwenye simu ya mnunuzi unaweza kutengenezwa. Kwa hiyo kinachouzwa katika huduma ya malipo, ukiitazama kwa macho ya muuzaji, ni uhakika wa kuona pesa upande wake, haraka, kabla mteja hajaondoka.

Uhakika huo Nigeria ilikuwa nao kabla ya eNaira. Mfumo wa NIP, unaoendeshwa na NIBSS, kampuni ya pamoja ya Benki Kuu na benki za biashara, umekuwa ukihamisha pesa kutoka benki hadi benki papo hapo tangu 2011. Mwaka 2022 ulipitisha miamala zaidi ya bilioni 5 yenye thamani ya karibu naira trilioni 387. Hiyo ni kama miamala milioni 98 kila wiki. Weka 14,000 za eNaira pembeni yake: kwa kila muamala mmoja wa eNaira, NIP ulipitisha 7,000 hivi.

Makato yenyewe yalikuwa madogo. Tangu 2020 kutuma hadi naira 5,000 kulikatwa naira 10, kutoka hapo hadi 50,000 naira 25, na zaidi ya hapo naira 50. Kwa nchi iliyo hivyo, kumwambia mtu "tuma bila makato" ni kumpunguzia mzigo ambao hakuwa anaulalamikia sana. Malalamiko yake yalikuwa mengine: mtandao wa benki kukwama, pesa kukatwa bila kufika na kurudi baada ya siku kadhaa, na umbali wa kufuata noti.

Mrudie muuzaji wa nyanya. Ukimlipa kwa eNaira, pesa inaingia kwenye pochi iliyo kando na akaunti anayoitumia kila siku. Kesho alfajiri anamlipa dereva wa lori lililoleta nyanya. Dereva anataka noti au kuingiziwa benki. Basi muuzaji lazima aitoe pesa kwenye pochi, airudishe benki, ndipo amlipe dereva. Hatua moja imeongezeka, na faida kwake ni sifuri. Pesa ambayo huyu wa leo hawezi kumpa yule wa kesho humkaa mtu mkononi kama kuponi.

Aliyetumwa kuuza hakuwa na sababu ya kuuza

Benki za biashara ndizo zilizopewa kazi ya kuwaleta watu kwenye eNaira, na hapa mpango ulijifunga wenyewe. Naira ikikaa kwenye akaunti ni amana ya benki; inakopeshwa, inazaa. Ikihamia kwenye pochi ya eNaira inakuwa deni la Benki Kuu kwa mwananchi moja kwa moja, na benki imeipoteza. Juu ya hapo, uhamisho wa kawaida unaipa benki makato, wa pochi hadi pochi hauipi kitu. Meneja wa tawi akiwa na dakika tano na mteja, atamsifia nini? Sidhani kuna aliyehujumu. Hawakuwa na haja. Kukaa kimya kulitosha.

Kuhusu mawakala, kosa lilikuwa la kusahau zaidi kuliko la kukusudia. Wale wanaokaa chini ya miavuli na mashine za POS ndio benki halisi ya mitaa mingi ya Nigeria. Wanaishi kwa makato: ukiweka wanapata, ukitoa wanapata. eNaira ilitoka bila mtandao wa mawakala wa aina hiyo, na fahari yake kubwa ilikuwa kwamba haina makato. Kwa mteja hiyo ni habari njema. Kwa wakala ni bidhaa isiyo na kamisheni, na bidhaa isiyo na kamisheni haitundikwi bango.

Hapa msomaji wa Kenya au Tanzania atakumbuka jinsi pesa za simu zilivyoanza kwao. M-Pesa ya 2007 iliongozwa na kampuni ya simu iliyokuwa tayari na wauza vocha kila kona, na kila aliyemsajili mteja alilipwa. Nigeria ilichagua njia ya kuziweka benki mbele, na kampuni za simu zikabaki nje kwa miaka mingi; MoMo, huduma ya pesa ya kampuni ya simu ya MTN, ilipata leseni kamili ya benki ya malipo mwaka 2022 tu. Pengo lililoachwa lilijazwa na kampuni za teknolojia ya fedha. OPay ilianza Nigeria mwaka 2018, ikagawa mashine za POS, ikagawa bonasi, na ikafanya jambo dogo lenye akili: namba yako ya simu, ukiitoa sifuri ya mbele, ndiyo namba yako ya akaunti. Hakuna cha kukariri. Ndiyo ile iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi.

Benki Kuu ilikuja kuona kwamba lazima mtu apewe kitu. Oktoba 2022 ikatangaza punguzo la asilimia 5 kwa madereva na abiria wa keke wakilipana kwa eNaira. Nauli ikiwa naira 200, punguzo ni naira 10. Kwa naira 10, abiria atoe simu ndani ya keke inayotembea, afungue programu au abofye *997#, aweke namba ya siri, na dereva naye aache usukani ahakikishe? Aliyepanga hivyo alikuwa na nia njema, ila sidhani kama alishuka kwenye keke hivi karibuni.

Jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya

Tarehe 26 Oktoba 2022 Emefiele alitangaza kwamba noti za naira 200, 500 na 1,000 zitabadilishwa sura. Alitoa sababu: kati ya naira trilioni 3.23 zilizokuwa kwenye mzunguko, trilioni 2.73 zilikuwa nje ya benki. Noti mpya zianze kutoka Desemba, za zamani zife tarehe 31 Januari 2023. Desemba ukaja na ukomo wa kutoa taslimu, naira 100,000 kwa wiki kwa mtu binafsi, uliopandishwa hadi 500,000 baada ya kelele. Siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 10 Februari. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 25 ya mwezi huo.

Noti za zamani ziliingia benki kwa haraka; mpya zilitoka kwa matone. Noti na sarafu zilizobaki kwenye mzunguko zilishuka hadi kama naira bilioni 982 mwezi Februari, chini ya theluthi moja ya kiasi cha awali. Watu walichoma matawi ya benki katika baadhi ya miji. Biashara ndogo zilisimama, hasa zile za chakula kibichi ambacho hakisubiri. Tarehe 3 Machi Mahakama ya Juu iliamuru noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka.

Kwa mtu anayechunguza sarafu za kidijitali, miezi hiyo ni dhahabu, ingawa kwa walioiishi ilikuwa mateso. Swali ambalo huwa tunalijadili kwa nadharia, yaani watu watafanya nini noti zikiadimika huku pesa ya kidijitali ya serikali ipo tayari, lilijibiwa hadharani.

Jibu lilikuwa kwamba walihama kwa mamilioni, na walihamia kwa watu binafsi. Programu za benki kubwa zililemewa na kukwama; za OPay na PalmPay zilipokea na kutuma bila kusita kiasi hicho. Wauzaji ambao hawakuwahi kukubali kuingiziwa pesa wakaanza kukubali, na wakaanza kuuliza "una OPay?" kabla hata ya kutaja bei. Thamani ya uhamisho kupitia NIP ilifika karibu naira trilioni 600 mwaka 2023, kutoka zile 387. Sehemu kubwa ya tabia hiyo haikurudi nyuma noti ziliporudi.

Je, eNaira haikupata chochote? Ilipata, na hapa ndipo takwimu zinapotaka jicho kali. Kufikia Machi 2023 pochi ziliripotiwa kufika milioni 13, zaidi ya mara 12 ya Oktoba iliyotangulia, na Benki Kuu ilikuwa imetoa eNaira za naira bilioni 10, kutoka bilioni 3. Vichwa vya habari vilisema imefufuka. Sehemu ya ufufuo huo ilitokana na serikali kupitisha malipo ya misaada ya kijamii humo. Sasa gawa tena: bilioni 10 kwa pochi milioni 13, hata tukijifanya zote zilikuwa mikononi mwa wananchi na hakuna hata moja iliyolala kwenye hazina za benki. Ni kama naira 770 kwa pochi. Mtu aliyepokea msaada, akautoa wote siku hiyohiyo, anabaki kwenye hesabu kama mtumiaji. Kwa kazi ya kugawa misaada si mbaya. Lakini hiyo ni kazi ya bomba. Pesa ilipita, haikukaa wala haikuzunguka.

Aliyeitoa

Jambo moja halipimwi kwa naira. Novemba 2020, mwaka mmoja kabla ya uzinduzi, Benki Kuu hiyohiyo ilikwenda mahakamani ikapata amri ya kufunga akaunti za watu waliohusishwa na maandamano ya EndSARS, ya kupinga ukatili wa polisi. Februari 2021 ikazikataza benki kuhudumia biashara ya sarafu za mtandaoni. Kisha Oktoba ikaja kwa vijana walewale na pochi inayoendeshwa moja kwa moja na yenyewe. Sina njia ya kupima ni wangapi waliikataa kwa sababu hiyo. Nadhani muuza nyanya wetu hakuiwaza kabisa. Vijana wa Lagos wenye simu nzuri, ambao popote pengine ndio wangekuwa wa kwanza kuijaribu na kuwaonyesha wazazi wao, walikuwa na sababu ya kuikalia mbali.

Na eNaira ni naira. Haikuwa na riba, na ilishuka thamani pamoja na ndugu yake wa karatasi. Aliyetaka kulinda akiba yake alitafuta dola, iwe ya noti au ya mtandaoni. Hilo si kosa la teknolojia, ila lilimaanisha kwamba sababu pekee iliyobaki ya kushika eNaira ilikuwa urahisi wa kulipa, na urahisi huo tayari ulikuwa na wenyewe.

Emefiele alisimamishwa kazi Juni 2023, siku 11 baada ya Rais Bola Tinubu kuapishwa. Kufikia Desemba mwaka huo noti kwenye mzunguko zilikuwa zimepanda hadi kama naira trilioni 3.65, juu ya zile trilioni 3.23 zilizoanzisha vurugu zote. Machi 2024 eNaira ilikuwa naira bilioni 13.98, asilimia 0.36 ya fedha zote kwenye mzunguko.

Mwezi uliofuata Benki Kuu iliziagiza OPay, PalmPay, Moniepoint na Kuda zisimame kusajili wateja wapya mpaka ziweke sawa utambulisho wa waliopo. Zuio lilidumu wiki kadhaa. Waliokuwa na akaunti tayari waliendelea kupokea kama kawaida, kwa namba zilezile kwenye vipande vya boksi.